Rivyu ya CD ya Super Nintendo, kifaa ambacho hakuna aliyewahi kukinunua dukani

Najua kuna mtu atasema we jamaa umechanganyikiwa, unafanyaje rivyu ya kitu ambacho hakikuwahi kuuzwa hata kimoja. Inawezekana bana. Kwa vifaa vingi vya gemu vilivyofutwa ingekuwa porojo tupu lakini hii CD ya Super Nintendo, yaani kifaa cha kuifanya ile mashine ya gemu ya Nintendo ya 1990 icheze CD badala ya kaseti, ushahidi wake umezagaa kila kona, kuna mashine ya majaribio imefunguliwa na watu wakaangalia chipu moja moja, kuna wapinzani wake waliotoka kweli na mpaka leo gemu zao unazicheza, kuna gemu iliyoanza kutengenezwa kwa ajili yake ikaishia kwenye kaseti, afu kuna watu wa emuleta (programu za kuchezea gemu za mashine za zamani kwenye kompyuta) ambao waliamua kujitengenezea CD yao ya kufikirika ili waone ingekuwaje. Ukiviweka vyote mezani unapata bidhaa kamili ya kuifanyia rivyu. Na bidhaa hiyo mi naona sio tamu kama mashabiki wanavyoiota. Naipa nyota mbili na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni ya muziki tu.

Kwa ambao stori hawaijui, fasta fasta. Nintendo na Sony walisaini mkataba 1988. Mhandisi wa Sony anaitwa Ken Kutaragi ndo aliyeunda chipu ya sauti ya Super Nintendo, ile SPC700, kwa hiyo hawa jamaa walikuwa tayari wako pamoja ndani ya boksi moja. Mpango ulikuwa na vitu viwili, kifaa cha CD cha kuunganisha kwenye Super Nintendo uliyonayo nyumbani, na mashine ya Sony yenyewe inayokula kaseti na CD kwa pamoja, hiyo wakaiita Play Station, maneno mawili yaliyotengana. Juni 1991 kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki ya CES pale Chicago Sony wakaitangaza kwa mbwembwe zote. Kesho yake, narudia, kesho yake, Nintendo wakasimama mbele ya waandishi wale wale wakasema mambo ya CD wanafanya na Philips. Sababu ni kwamba ule mkataba ulikuwa umewaachia Sony mamlaka ya leseni za gemu za CD, yaani hela ya kila CD ingepitia kwa Sony kwanza, na mzee Hiroshi Yamauchi aliyekuwa bosi wa Nintendo hakuwa mtu wa kumeza kitu cha hivo.

Ya Philips nayo haikufika popote. Kilichobaki ni zile gemu za Zelda na ile Hotel Mario kwenye CD-i, mashine ya Philips wenyewe, ambazo watu wanazicheka mpaka kesho. Sony wakaondoka na jina lao, wakayaunganisha yale maneno mawili, Desemba 1994 PlayStation ikatoka Japani na mwisho wa siku ikauza zaidi ya milioni 100. Kwa hiyo kama umekulia mtaa wowote wa Bongo au Kenya wenye kibanda cha pleisteshen, Winning Eleven inapigwa mpaka usiku na madogo wamepanga foleni ya kugombea pedi, ujue umekulia kwenye matokeo ya ule ugomvi wa Chicago.

Haya, tuje kwenye mzigo wenyewe.

Kwa sura hauna shida. Ile mashine ya majaribio inaitwa SFX-100, ni ya Sony, na picha zake zilivuja 2015 baada ya kuokotwa kwenye vitu vilivyopigwa mnada vya kampuni moja ya Marekani iliyofilisika. Rangi yake ilikuwa ya kijivu cheupe kama Super Famicom yenyewe (Super Nintendo ya Japani) ila kwa umri imeshageuka njano kabisa. Kaseti inaingia juu, CD ina sehemu yake, kuna kioo kidogo, kuna tundu la hedifoni, na pedi ni ile ile ya Super Nintendo yenye vitufe vya rangi ila imeandikwa jina la Sony, ambayo ukiitazama kwa muda inakuletea kizunguzungu fulani hivi. Mwanzoni CD ilikuwa haisomi, fundi mmoja maarufu wa Marekani anayejulikana kama Ben Heck ndo akaifungua akaitengeneza ikaanza kusoma. Machi 2020 ikauzwa mnadani dola 360,000. Kwa hela hiyo nyota zote tano zinaanza kupukutika zenyewe.

Lakini kifaa ambacho mtu wa kawaida angenunua ni kile cha kuunganisha, na hapo ndo panapochekesha, kwa sababu tundu lake lipo. Kama una Super Nintendo ya kizazi cha kwanza igeuze uangalie chini, kuna kifuniko kidogo cha plastiki, kitoe, utakuta tundu la EXT. Mamilioni ya watu walikuwa na tundu hilo sebuleni miaka yote na hawajawahi kuchomeka kitu. Japani ndo lilipata kazi ya maana, 1995 walipoleta Satellaview iliyokuwa inashusha gemu kwa setilaiti, kwingine karibu kote lilikaa tu mpaka 1997 Nintendo walipotoa toleo dogo la bei nafuu wakaliondoa kabisa. Nafikiria hiyo stendi ya TV ya 1993 ingekuwaje: CD chini, mashine juu yake, kaseti juu ya mashine, waya wa pili wa umeme kama ule wa Mega-CD, kifaa cha CD ambacho Sega waliiongezea mashine yao ya Mega Drive, kilichokuwa kinataka adapta yake peke yake. Kwenye nyumba yenye soketi moja nyuma ya TV hapo ugomvi na mama.

Sasa nimeijaribu vipi. Kwanza kwa emuleta kupitia MSU-1. Hii kwa wasioijua ni chipu ya kufikirika, aliibuni byuu, yule aliyetengeneza emuleta ya bsnes, na wazo lake lilikuwa rahisi tu: tuseme Super Nintendo ingepata kifaa cha kumwaga data na muziki wa ubora wa CD, kingekaaje? Akakiandika kwenye emuleta, baadae kikaingia kwenye kaseti za kisasa za SD2SNES kwa hiyo hata kwenye mashine halisi kinafanya kazi. Data mpaka gigabaiti 4 na sauti ya stereo ya kilohezi 44.1. Pili nimecheza gemu za Mega-CD, maana yule ndo mpinzani aliyetoka kweli. Tatu nimerudia Chrono Trigger ya pleisteshen, kwa sababu ambayo nitaisema hapo chini na ndo msumari wenyewe.

Nianze na muziki, maana ndo kitu cha kwanza mtu atataka.

Super Nintendo ina kilobaiti 64 za sauti. Zote. Ala zote, milio yote ya mapanga na miruko, noti za wimbo wenyewe, vyote vinabanana humo na chaneli nane za kutolea sauti. Ukijua hilo afu ukasikiliza ule wimbo wa chini ya maji wa Donkey Kong Country unabaki umeduwaa, jamaa kafanyaje. Kwa upande mwingine ukiweka A Link to the Past, ile Zelda ya Super Nintendo, yenye faili za MSU-1, muziki umepigwa na okestra kamili, unatoka pale kwenye mvua ya mwanzo unaingia kasri na tarumbeta halisi zinalia, aisee, siwezi kujifanya sikusisimka. Nusu nyota yangu imetoka hapo. Ila baada ya muda nikaanza kuona kitu, ile okestra inameza mlio wa upanga na mlio wa kugundua siri, kwa sababu wale watu wa 1991 walitunga muziki na milio vikae pamoja kwenye chipu moja, sasa we umeleta kundi la watu themanini waje kukaa kwenye chumba kile kile.

Na hapo MSU-1 inakudanganya, kwa nia njema lakini inakudanganya. MSU-1 ikifika mwisho wa wimbo inaruka mpaka pale unapotakiwa kurudia bila hata kukatika. CD halisi haifanyi hivo. Wimbo wa CD ukiisha lenzi inabidi irudi nyuma itafute mwanzo, katikati panakuwa kimya, waliocheza Mega-CD au PC Engine ya CD (mashine nyingine ya gemu ya Kijapani) wanakijua hicho kimya, uko katikati ya kupigana na bosi mara muziki unakata, unasikia gari la lenzi linatembea, afu wimbo unaanza upya kama redio. Kibaya zaidi lenzi ni moja. Ikiwa inapiga wimbo haiwezi kusoma data, ikisoma data muziki unazima. Kwa hiyo ule ulimwengu wa Zelda ambao unatembea huku na huko bila kusimama na wimbo haukatiki, kwenye CD yenyewe ungetakiwa kuchagua kimoja.

Hapo ndo tunafika kwenye tatizo kubwa, na ndo maana nasema hii bidhaa ilikuwa na kasoro kwenye mfupa.

Kaseti ya Super Nintendo haijawahi kuwa hifadhi tu. Prosesa inaisoma moja kwa moja, inachukua amri na picha humo humo kwa spidi ya zaidi ya megabaiti mbili kwa sekunde, hakuna kusubiri, ndo maana unawasha na gemu ipo. RAM ya mashine, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ni kilobaiti 128 na zinatosha kwa sababu gemu yenyewe inakaa kwenye kaseti. Ukileta CD mambo yanageuka. CD ya spidi ya kawaida ilikuwa inasoma kilobaiti 150 kwa sekunde tena baada ya lenzi kutafuta, kwa hiyo kila kitu inabidi kivutwe kwanza kiwekwe kwenye RAM ndo kichezwe. Kaseti ni duka la Mangi liko mlangoni, chumvi ikiisha unanyoosha mkono dirishani, CD ni kumtuma dogo Kariakoo, akirudi anarudi na gunia zima lakini mboga ishapoa.

Na gunia lenyewe unalimwaga wapi? Kwenye ile mashine ya majaribio, ili CD ifanye kazi unachomeka kaseti maalum inaitwa Super Disc, ndani yake kuna programu ya kuendesha CD na RAM ya ziada ya kilobaiti 256. Basi. Super Mario World, gemu iliyokuja na mashine siku ya kwanza, ni kilobaiti 512, haiingii humo hata nusu yake ikikaa vizuri na vitu vingine. A Link to the Past ni megabaiti 1. Super Metroid ni 3. Chrono Trigger ni 4. Kwa hiyo hizo gemu tunazoziota zikiwa "kubwa zaidi kwenye CD" kwanza zingekatwa vipande vipande, chumba hiki kilodi, chumba kile kilodi. Super Metroid ile ambayo unashuka kwenye sayari ya Zebes lifti baada ya lifti, sijui kama ningekuwa na uvumilivu wa kuimaliza.

Halafu angalia hii. Ile kaseti ya Super Disc imekaa kwenye tundu la kaseti, si ndio? Maana yake gemu ya CD haiwezi kuwa na kaseti yake pembeni ya kuisaidia. Na hapa ndo tofauti yote kati ya ndoto na bidhaa. MSU-1 inapendeza kwa sababu gemu inabaki kwenye kaseti kama kawaida, afu CD ya kufikirika inaleta muziki na video tu. Bora la dunia mbili. Kile ambacho Sony walikuwa wanakiunda kilikuwa kinaitoa kaseti kabisa kinaweka CD mahali pake, na mashine ilikuwa imejengwa kutoka mwanzo kwa ajili ya kaseti. Watu wakiona video za MSU-1 wanasema ona tulichonyimwa. Hapana jamani, hicho hakuna aliyewahi kukipanga.

Sasa ile Chrono Trigger. Kampuni ya Square waliitoa 1995 kwenye kaseti, afu 1999 wakaihamishia kwenye CD ya pleisteshen wakaongeza vikatuni vya hapa na pale. Yaani ni gemu ya Super Nintendo iliyowekwa kwenye CD na kampuni ile ile iliyoitoa. Jaribio tulilokuwa tunalitafuta lilishafanyika. Unafungua menyu, unasubiri. Unafunga, unasubiri. Adui anatokea, muziki unasita kidogo, unasubiri, mnapigana sekunde chache, unasubiri tena. Na hiyo ni pleisteshen, mashine ina RAM kuu ya megabaiti 2 na CD ya spidi mara mbili! Final Fantasy VI nayo ilipohamia huko ni yale yale. Chukua hayo mateso uyapeleke kwenye mashine yenye RAM ndogo kiasi kile afu uniambie.

Najua kuna shabiki wa PC Engine yuko hapo ameshakunja ngumi. Ni kweli, nakubali, PC Engine ilipata CD yake Japani Desemba 1988, ya kwanza kabisa duniani kwa konsoli, ilianza na kilobaiti 64 tu za RAM baadae 1991 wakapandisha mpaka 256, kiasi kile kile cha Sony, na ilitoa gemu za hatari, Ys I na II ina sauti za waigizaji na muziki wa kufa mtu, Rondo of Blood ya 1993 mpaka leo naiweka juu ya Castlevania nyingi. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kilobaiti 256 ni hukumu ya kifo. Lakini angalia walivyofanya, zile gemu zimekatwa hatua kwa hatua, hatua inalodi mara moja unacheza mpaka mwisho, na katikati ya hatua wanakuwekea katuni ya kukutuliza. Kwa gemu za kupiga na kuruka inafaa. Kwa zile Zelda na Metroid zilizoipa Super Nintendo jina, naona shida. Na 1994 hata wao PC Engine walishaleta kadi ya kuongeza megabaiti 2 nzima, sasa kwa nini kama zile za mwanzo zilitosha.

Video nayo. Miaka ile kila mtu alikuwa anauza CD kwa video, Mega-CD ilikuja Marekani Oktoba 1992 na Sewer Shark na Night Trap, watu halisi wanaigiza ndani ya kadirisha kadogo kenye chenga chenga kama mchele mbovu umemwagwa kwenye kioo, kwa sababu mashine ya Sega ilikuwa inaonyesha rangi 64 tu kwa wakati mmoja. Super Nintendo ina 256, kwa hiyo hapo ingemshinda Sega bila ubishi. Kuna ushahidi tena mtamu sana: Road Blaster, gemu ya Data East ya 1985 ya kwenye mashine za diski za leza, katuni ya gari linakimbizana na magenge. Sega waliipata kwenye Mega-CD. Afu mtu mmoja anayejiita d4s akaja kuitengenezea Super Nintendo kwa MSU-1, na nikiziweka pembeni kwa pembeni ya Super Nintendo haina mpinzani, rangi zimekaa, mistari imenyooka, unasahau ni mashine ya 1990.

Ila tupige hesabu. Kioo kizima cha Super Nintendo ni nukta 256 kwa 224. Hata ukitumia rangi 16 tu, picha moja ni kilobaiti 28. Mashine inaweza kupeleka kwenye RAM ya picha kama kilobaiti 6 kila kioo kinapojichora, na kinajichora mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo picha nzima mpya unapata kama 12 kwa sekunde. Picha 12 zenye kilobaiti 28 ni kilobaiti 336, na CD yako inaleta 150. Haitoshi hata nusu, na hujaweka sauti. Inabidi video igandamizwe, afu ni nani anaifungua? Ile prosesa ya megahezi 3.58. Road Blaster ya d4s inapendeza kwa sababu MSU-1 inamwaga data bila kujali spidi ya lenzi yoyote. Kwenye CD ya kweli ungerudi kwenye kadirisha kadogo, labda kenye rangi nzuri zaidi, basi.

Kuna watetezi watasema subiri, toleo la baadae la mpango huo, lile la enzi za Philips, lilikuwa liwe na prosesa ya msaada ya biti 32. Kweli, hiyo ilikuwepo kwenye mipango ya 1992 na ingebadilisha mengi, hilo toleo ningelipa nyota tatu na nusu bila kuhonga. Lakini hapo tena sio kuongeza CD, hapo unanunua mashine ya pili unaichomeka chini ya ile ya kwanza. Bei iliyokuwa inatajwa kwenye magazeti ya wakati ule ni kama dola 200, na Super Nintendo yenyewe Marekani iliingia kwa dola 199. Mzazi gani wa 1993 analipa hela ya mashine nzima ili mtoto apate gemu ambazo jirani hana? Sega walijaribu, Mega-CD dola 299, wakauza kama milioni 2 na kitu kwenye familia ya mashine zaidi ya milioni 30. Na watengenezaji wa gemu wakiona wanunuzi wachache hivo hawaleti gemu, gemu zisipokuja wanunuzi hawaji.

Kitu ambacho Nintendo walifanya badala yake mi naona kilikuwa cha akili zaidi, waliweka nguvu ndani ya kaseti. Star Fox ya 1993 ilikuja na chipu ya Super FX humo humo, pembetatu zinaruka hewani kwenye mashine ambayo haikutakiwa kuziweza, na mnunuzi hakuchomeka chochote cha ziada. Mwaka uliofuata Donkey Kong Country, megabaiti 4 tu, nyani wamechorwa kwenye kompyuta za Silicon Graphics, watu wakadhani ni mashine mpya. Hapo sababu ya kununua CD ilikuwa imeshakufa. Bei ya kaseti ilikuwa inauma, hilo silipingi, na ubishi wa Nintendo wa kung'ang'ania kaseti mpaka kwenye N64, mashine yao iliyofuata, ndo uliowafukuza Square, Final Fantasy VII ikaenda pleisteshen 1997 kwenye CD tatu. Lakini hiyo ni kesi nyingine ya mashine nyingine.

Gemu moja tu inaniuma kweli kwenye hii habari. Secret of Mana. Hiyo ilianza ikiwa imepangiwa CD, mpango wa CD ulipokufa Square wakalazimika kuibana mpaka ikaingia kwenye kaseti ya megabaiti 2, ikatoka 1993. Na ukiicheza unaona makovu, mazungumzo yamekatwa yakawa mafupi mpaka yanachekesha, watu wanaingia na kutoka kwenye stori bila salamu, nusu ya mwisho mahekalu yanapita mbio mbio kama kuna mtu anafunga duka. Hata hivyo bado ni gemu tamu sana hasa mkiwa watatu na ile adapta ya pedi nyingi. Hiyo moja ningetaka kuiona ilivyotakiwa kuwa. Ningeisubiri ilodi, tena bila kulalamika.

Kama unataka kuonja mwenyewe hiki kifaa bila dola laki tatu na ushee, pata emuleta yoyote inayokubali MSU-1, anza na Super Road Blaster, afu A Link to the Past yenye muziki wa okestra, hapo utakuwa unacheza ile ndoto. Ukitaka kilicho karibu zaidi na mashine yenyewe kuna Super Boss Gaiden, gemu ndogo ya mashabiki ya 2016 iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya ile Play Station ya Sony na Nintendo, inakubali kwenye emuleta ya no$sns, ni ya kijinga na inachekesha, ina vicheko zaidi ya uchezaji. Ukimaliza hizo weka Chrono Trigger ya pleisteshen, zima zile mbinu za emuleta za kuharakisha CD, ziwe spidi ya kweli, nenda mpaka kwenye maonyesho ya sherehe pale mwanzoni na uwe unafungua menyu kila unapookota kitu.